Zimeni Hilo Tanuri

Dukani, Jumanne, 4 Machi

Kichupa mdogo wangu,

Hongera. Naanza na hongera usije ukasema dada yako hana adabu. Tumesikia redioni leo asubuhi, mimi nikiwa na unga mpaka viwikoni, kwamba serikali imeamua kulipia mafuta ya tanuri la kiwanda chenu cha chupa mpaka hali ya uchumi itengemae. Mama alipiga makofi. Alipiga makofi, Kichupa, mpaka chai ikamwagika, akasema, "Mwanangu hafukuzwi kazi!" Nikamwambia, Mama, una wana wawili. Akaniangalia kama niliyeongea Kichina. "Wewe nawe, wewe una shida gani?"

Shida yangu ni hii. Watu hawanunui mikate. Aliyekuwa ananunua miwili sasa anataka nusu, tena anataka nusu iliyo kubwa. Mwezi uliopita nilimwachisha kazi Bonge, mkandaji wangu, mtu niliyekuwa naye tangu siku ya kwanza nafungua duka. Alilia, nami nikalia, kisha nikakunja mikono ya gauni nikakanda mwenyewe. Siku hizi natia moto siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki tanuri limekaa baridi, na paka wa jirani ameligeuza chumba cha kulala.

Sasa nieleze wewe uliyesoma chuo cha ufundi. Kodi nalipa. Leseni nalipa. Hata unga nikinunua, kodi imo ndani yake. Pesa hiyo hiyo ndiyo inayokwenda kuwaka chini ya tanuri lenu, na langu linalaliwa na paka. Kwa nini nyinyi na si mimi? Siulizi kwa kijicho, nauliza tu.

Haya basi, na kijicho kidogo kimo.

Barua nampa Mwendopole, yule dereva wa lori la mchanga anayeleta mzigo kiwandani kwenu. Simu siiwezi. Nikikupigia, Mama huipora mkononi kabla sijasema langu hata moja. Nimempa Mwendopole na mikate miwili ya kukuletea, usiimalize siku moja.

Dada yako,
Mama Mikate


Chumbani kwangu, Jumapili, 9 Machi

Dada,

Mkate umefika mmoja na nusu. Mwendopole anasema nusu nyingine ilidondoka njiani. Ilidondokea mdomoni mwake, maana makombo nimeyaona kwenye ndevu.

Umeuliza kwa nini sisi na si wewe. Nitakueleza polepole na usinune. Tanuri lako ukilizima Ijumaa, Jumatatu unatia kuni, linawaka. Letu haliko hivyo. Ndani mna kioo kilichoyeyuka, sisi tunakiita uji, kimejaa kama kidimbwi. Liliwashwa mwaka nilioanza kazi na halijazimwa hata siku moja, iwe sikukuu, uwe msiba. Moto ukipungua, uji unaganda. Ukiganda unashikana na matofali, matofali yanapasuka, na tanuri ndiyo limekufa hivyo. Kuwashwa tena hakuna, ni kubomoa na kujenga jipya, na nani leo ana pesa ya kujenga tanuri? Ndiyo maana serikali imeona bora ilipie mafuta kuliko kukizika kiwanda na kuturudisha wote nyumbani. Lako litawaka tena, Dada. Tofauti ni hiyo tu.

Sasa nikuambie jambo ukae nalo. Hata shemeji usimwambie. Chupa zetu hakuna anayezinunua. Lakini uji haukubali kukaa tu, lazima utolewe na mwingine uingie, la sivyo tanuri linaharibika. Basi asubuhi tunatengeneza chupa. Zinapita mbele ya taa yangu moja moja, nazikagua nyufa, mbovu natoa, nzuri naziacha zipite. Mchana tunazichukua zile nzuri, tunazivunja, tunachanganya vigae na mchanga mpya, tunarudisha ndani. Kesho tunaanza tena. Wiki ya kwanza tulicheka sana. Sasa watu wanavunja wameinamisha vichwa, na bosi wa zamu ametuonya kwamba habari hii isitoke nje ya geti.

Na wewe unanionea kijicho! Una mume, una duka, una ubao mlangoni umeandikwa MAMA MIKATE kwa rangi nyekundu. Mimi jina langu hapa ni namba ya zamu. Halafu una Mama. Unaamka unamkuta. Amenipigia makofi, sawa, lakini aliipigia redio, mimi sikuyasikia. Nikirudi chumbani kwangu ni mimi na jiko la mafuta na kikombe kimoja. Ningekuwa na Mama humu ndani, hicho kiwanda wangekizima hata kesho nisingejali.

Mdogo wako,
Kichupa


Dukani, Jumatano, 19 Machi

Kichupa,

"Lako litawaka tena." Nimeusoma mstari huo mara nyingi mpaka karatasi imeshika mafuta ya vidole.

Unajua niliusikia wapi mara ya kwanza? Baba alipofariki. Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo cha ualimu, barua ninayo mpaka leo. Mama aliuza cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, pesa ikaenda shuleni kwako na baadaye chuoni kwako. Mimi nikaambiwa, "Wewe una mikono, utajiweza." Wiki iliyofuata nilikuwa nakanda unga wa mtu. Nyuma zaidi nisiende? Ngoja niende. Ulipozaliwa maziwa ya Mama yakakauka, ukalelewa kwa chupa, ndiyo maana ukaitwa Kichupa. Kila aliyeingia nyumbani alikuwa anauliza, "Mtoto amekunywa?" Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nimekaa hapo hapo mlangoni na bakuli langu tupu. Hakuna aliyeuliza kama mimi nimekunywa.

Kwa hiyo serikali nayo ni Mama! Inaangalia nani atavunjika, inambeba huyo. Anayesimama kwa miguu yake inamwambia ahsante, endelea kusimama, na ukimaliza tuletee kodi. Kosa langu mimi ni kwamba nikizimwa nawaka. Ningekuwa napasuka pasuka kama hilo tanuri lenu ningeletewa mafuta mpaka mlangoni.

Na chupa mnazivunja! Ebo! Yaani mnatengeneza asubuhi, mnavunja mchana, jioni mshahara? Basi na mimi nioke mikate niwamwagie kuku, waziri anitumie hundi. Nimemaliza kusoma nimecheka mwenyewe kama mwehu, kisha hasira zikanipanda mpaka nikaunguza mikate ya asubuhi yote.

Unamtaka Mama? Mchukue. Anaamka kabla ya jogoo, anahesabu madirisha kama nimeyafunga, chai yangu anasema haina sukari. "Kichupa angenitilia sukari." Huyo Kichupa alimtilia lini?

Nikuambie walio watu. Hawa wa machimbo ya mchanga, Mwendopole na wenzake, wachimbaji, wapakiaji. Kila alfajiri malori yanajipanga mbele ya duka, wananunua mikate mizima mizima, hakuna anayeomba nusu. Ndio wanaonishikilia mpaka sasa. Ni watu wanaokula jasho lao, hawamngojei waziri. Wengine mngejifunza kwao.

Wiki ijayo afisa wa wizara anakuja ukumbini kusikiliza maoni ya wafanyabiashara wadogo. Nimeshaandikisha jina. Usiwe na wasiwasi, nitasema yangu tu.

Dada yako,
Mama Mikate


Ijumaa, 28 Machi

Dada,

Nimekusikia.

Tulikuwa kantini, zamu nzima, redio iko juu ya kabati. Mtangazaji akasema sasa tumsikilize mama mmoja mwoka mikate. Sauti ilivyotoka tu, nikaweka kijiko chini. Ulisema, na naweza kukurudishia neno kwa neno: "Bwana afisa, kuna kiwanda kinatengeneza chupa asubuhi na kuzivunja mchana, na mafuta tunalipa sisi. Mimi nikilia naambiwa nitajiweza. Anayejiweza hamumwoni mpaka aanguke? Zimeni hilo tanuri! Lizimeni, na wao wajiweze, tuone!" Halafu makofi. Makofi marefu, mpaka mtangazaji akashindwa kuongea.

Huku kwetu hakuna aliyetafuna. Kisha bosi wa zamu akauliza, "Nani kamwambia?" Kila mtu akamwangalia mwenzake. Na mimi nikawaangalia wenzangu, Dada, nikakunja uso kama wao, nikatafuta na mimi aliyesema ni nani.

Wamekupa jina. Unaitwa Mama Zimeni. Mtu akichelewa kazini anaambiwa, "Tutakuitia Mama Zimeni." Wanaiga sauti yako, wanashika kiuno. Nami nacheka nao mpaka mashavu yananiuma.

Nilikuambia ukae nalo.

Kichupa


Dukani, Alhamisi, 3 Aprili

Kichupa mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama na nimeshindwa kukaa.

Nilikwenda pale nimeandaa ya unga, ya leseni, ya kuni. Nikasimama. Yule afisa alikuwa anaangalia saa yake. Nikasema ya unga, akaandika kidogo. Nikasema ya leseni, akapiga mwayo. Sasa nikaona nitakaa chini kama nilivyosimama, hakuna aliyenisikia, tena. Neno la chupa likanitoka lenyewe. Akainua kichwa. Ukumbi mzima ukainua kichwa. Na nikishaona wamenitazama sikuweza kunyamaza, ulimi ukaenda wenyewe.

Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kupigiwa makofi na mtu yeyote. Naandika hili si kwa kujitetea. Nataka tu ujue nilikuwa nasikia nini masikioni nilipokuwa nakuuza.

Sikutaka lizimwe. Nilitaka niangaliwe.

Watu walikuja dukani siku tatu kunipa mkono, wakanunua mikate, mmoja akataka tupige picha. Sasa wameacha. Mama alisikia yote kwa redio ile ile. Hajanisemesha. Amegeuza kiti chake kikatazama ukuta, chai nampelekea anakunywa, kikombe ananirudishia bila neno, hata ya sukari halalamiki. Shemeji yako anasema nimpe muda. Mimi naona bora angenitukana.

Niandikie hata matusi. Mwendopole atangoja.

Dada yako


Chumbani, Jumamosi, 3 Mei

Dada,

Limezimwa.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nangoja kuona kama nitakuandikia nikiwa na kazi au sina. Baada ya redio yakaja magazeti, baada ya magazeti akaja mbunge, akasimama getini akasema pesa ya umma haivunjwi kwa nyundo. Hata wiki mbili hazikupita, wizara ikatangaza mafuta mwisho ni mwezi wa nne. Sisemi ni wewe peke yako. Bosi wa zamu anasema pesa zilikuwa zinawaishia hata hivyo, walikuwa wanatafuta sababu, nawe ukawaletea sababu mkononi.

Walitoboa chini, uji ukatoka. Ulitiririka mwekundu kwenye shimo la maji, mvuke ukajaa ukumbi wote, wanaume wazima wakatoka nje kukohoa na hawakurudi haraka. Jioni moto ukakatwa. Tukasikia matofali yanapasuka mle ndani, moja, kisha kimya, kisha mawili. Mzee wa tanuri, aliyekuwepo siku linawashwa, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasikiliza mpaka mwisho. Tulimletea maji akakataa.

Chupa ya mwisho ilipita kwenye taa yangu. Niliikagua. Haikuwa na ufa. Ningeweza kuichukua, hakuna ambaye angeuliza, lakini niliivunja pamoja na nyingine. Sikutaka kuwa na kitu cha kuangalia.

Hapa mtaani watu wanabishana kila kibaraza. Kuna wanaosema serikali haikupaswa kutia mkono tangu mwanzo, kiwanda kisicho na mnunuzi kife, watu watafute kingine. Kuna wanaosema ilipaswa ivumilie mwaka mmoja tu. Wananiuliza mimi, kwa sababu nilisoma. Mimi niliyekuwa nakagua na kuvunja nawaambia sijui, na kweli sijui. Zile chupa zilikuwa upuuzi, Dada. Na zile zilikuwa mishahara ya watu wote wa mtaa huu. Yote mawili.

Hii ndiyo barua ya mwisho Mwendopole atabeba. Amefika na lori limejaa, geti likawa limefungwa, akaambiwa arudi na mchanga wake. Kodi ya chumba nimelipa mpaka mwisho wa mwezi. Usinitumie chochote.

Kichupa


Dukani, Jumatatu, 19 Mei

Kichupa,

Hii inakuja kwa posta, nimebandika stempu. Nina mambo mawili, na la pili nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu.

La kwanza ni la kuchekesha, ukitaka kucheka. Jumatatu ile baada ya barua yako nilioka kama kawaida, nikafungua mlango alfajiri, nikapanga mikate kwa ajili ya malori. Hakuna lori. Nikangoja mpaka jua likapanda. Akaja Mwendopole kwa miguu, kavaa kandambili, nikamuuliza wenzako wako wapi. Akasema, "Machimbo yamefungwa, Mama Mikate. Mchanga wote ulikuwa wa kiwanda." Wote? "Wote. Wajenzi waliacha kununua tangu mwaka jana." Mimi siku zote nilijua lori lake yeye ndilo linalokuja kwenu. Mengine nilidhani ni ya wajenzi. Wajenzi gani? Nani anajenga sasa hivi? Nilikuwa nawasifia kwamba hawamngojei waziri, kumbe waziri ndiye aliyekuwa ananunua mikate yangu kila alfajiri, na barua za kulitukana tanuri lenu nazipeleka kwa lori la tanuri lenu. Mtu mzima mimi! Kijicho kilinifunga macho nikawa sioni hata kilichosimama mlangoni kwangu kinanguruma.

Tanuri langu sasa lina siku nyingi halijawashwa. Paka amezaa humo.

La pili. Wiki iliyopita Mama alitoka asubuhi na mapema, amevaa viatu vyake vya kwenda mjini, hakuaga. Akarudi mchana. Akageuza kiti kutoka ukutani, akaniambia nikae. Akasema, "Siku ile redioni ulikuwa unasema na mimi." Akasema, "Cherehani niliiuza kwa ajili ya Kichupa kwa sababu niliogopa atakufa mikononi mwangu, tangu akiwa mtoto mchanga alikuwa mtu wa kuponea chupuchupu. Wewe nilijua hufi. Sikujua kama kutokufa nako kunauma."

Kisha akafungua kitambaa juu ya meza yangu ya kukandia, penye unga. Ameuza kiwanja, Kichupa. Kile alichosema atajenga chumba chake cha uzeeni. Akasukuma pesa zote upande wangu. "Hizi ni zako. Za Kichupa hazimo."

Sikufichi, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto. Nilikwenda stoo nikafunga mlango nikaruka ruka kati ya magunia. Maneno hayo nimeyangoja tangu niko na bakuli langu mlangoni. Halafu nikakumbuka wewe uko kwenye chumba cha kupanga mpaka mwisho wa mwezi, na nani amekuweka hapo. Nikatoka stoo. Mama akaniuliza, "Vipi, hazitoshi?"

Zinatosha kununua unga wa mwaka. Lakini nioke nimuuzie nani?

Dada yako


Chumbani, Jumapili, 25 Mei

Dada,

"Za Kichupa hazimo." Alisema hivyo hivyo? Au umeongeza chumvi? Hapana, najua hukuongeza, hiyo ni sauti yake kabisa.

Nimesoma barua yako nikatoka nje, nikazunguka ukuta wa kiwanda mpaka nikarudi nilipoanzia, nikazunguka tena. Nilikuwa nasema peke yangu. Kiwanja! Kile Mama alichonishika mkono akanionyesha mipaka yake, akasema hapa utapanda maua yako. Nilikuwa nimekwishapanga, Dada. Wakati wanatoboa tanuri nilikuwa nimesimama pale najisemea, sawa, nitarudi, Mama yupo, kiwanja kipo. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja atafungua kitambaa na mimi nisiwemo. Haikuwahi kunipitia kichwani, hata kwa bahati mbaya.

Nimekuchukia. Kwa tanuri sikukuchukia hivi. Kwa tanuri niliumia, nilitaka tu uombe msamaha, na uliomba kwa namna yako. Lakini kwa kiwanja nimekuchukia mpaka nikasikia ladha yake mdomoni. Nikawa najiambia, ana mume, ana duka, anajiweza, kwa nini apewe yeye? Nikasimama hapo hapo barabarani. Mtu wa baiskeli nusura anigonge, akanitukana, sikumsikia vizuri.

Yaani ndimo ulimokuwa unaishi miaka yote hii? Humu humu? Na ukawa unanitumia mikate?

Kuna jamaa hapa alikuwa akisema serikali isaidie yule tu ambaye akianguka hainuki, na mimi nilikuwa nakubaliana naye, ndiyo niliyokuandikia mwezi wa tatu nikiona nimekufundisha kitu. Ni hesabu nzuri. Ila inahesabiwa vizuri zaidi na aliyepewa. Mkono ukikupita ukaenda kwa mwenzako, hata kama una sababu nzuri, unabaki unatazama mkono.

Sitaki nusu. Ukinitumia nusu nitairudisha. Nimetafuta kazi ya kukagua popote, hata mayai, hakuna. Tarehe thelathini na moja natoa vitu vyangu. Sijui naenda wapi, na sikuandikii ili unionee huruma.

Mdogo wako,
Kichupa


Dukani, Jumatano, 28 Mei

Kichupa,

Hii anakuletea Mwendopole mwenyewe, amepanda basi, nauli nimelipa. Mikate mitatu, na nimemwambia nitakuuliza imefika mingapi.

Nusu sikupi. Mama aliweka pesa upande wangu, na nimezikalia, sitazitoa tena upande huo maisha yangu yote. Lakini sikiliza nimefanya nini nazo. Wanunuzi hawaji tena dukani, basi mkate ndio utakaowafuata. Kuna vijiji huko nyuma ya machimbo ambako mkate hufika mara moja kwa wiki, umekauka. Nimenunua pikapu, kuukuu lakini inatembea. Mwendopole ataendesha. Bonge amerudi, ameanza kukanda jana, amekonda, inabidi tumtafutie jina jingine. Ninayemkosa ni mtu wa kusimama nyuma ya ile pikapu, anayejua kuangalia kitu na kusema hiki kizuri, hiki kina ufa, hiki hakitoki. Mimi mkate wangu ukiungua ubavu najifanya sioni. Wewe utaona.

Paka na watoto wake nimewahamishia stoo. Tanuri nimelifagia. Kuni zimo ndani, sijawasha. Nangoja aliyeniambia kwamba litawaka tena aje alitie moto mwenyewe, maana nilimkasirikia sana kwa kusema kweli.

Kitanda chako kipo, chumba ni kile cha Mama. Hajui kama nimekuandikia. Jana alitia sukari kwenye chai yangu bila kuulizwa, vijiko vitatu, haikunyweka, nikainywa yote.

Sharti ni moja tu. Najua siku utakayoshuka hapo Mama atakimbilia mlangoni, atakushika uso, atasema umekonda, atauliza kama umekula, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma nimeshika begi lako. Siku hiyo usikubali. Mwambie arudi akae upande wangu. Siku hiyo moja, Kichupa. Zingine zote sidai.

Dada yako


Ijumaa, 30 Mei

Dada,

Imefika miwili na robo tatu. Mwendopole anajirekebisha.

Nakuja kesho. Siku moja nimekubali, nitamrudisha kwako mwenyewe kwa mkono. Ya pili namchukua.

Kichupa